Mguu wa Doa

Juzi binamu yangu aliyebaki Mbulumbulu alinitumia picha kwenye simu. Alikuwa anasafisha sanduku la bati la marehemu bibi yetu, akakuta humo picha ndogo, nyeusi na nyeupe, kona moja imeliwa na mende. Wajukuu zangu walipoiona walicheka mpaka wakakaa chini. Ni mimi, msichana wa miaka kumi na minne, nimekakamaa mbele ya pazia lililochorwa ghorofa na ndege, na miguuni nimevaa viatu vyeupe vikubwa kama vya mtu mzima. Nikacheka pamoja nao, sikuwaambia picha ile ilitugharimu nini. Wewe nitakuambia. Umri wetu nadhani unalingana, na huenda nawe unayo picha ya namna hiyo mahali fulani.

Nililelewa na bibi, mama yake mama, katika nyumba ya udongo iliyokuwa juu kabisa ya mteremko, mahali ambapo mashamba yalikwisha na msitu wa Ngorongoro ukaanza. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya themanini, ile miaka ya kunywa chai bila sukari na kufulia kipande cha sabuni hadi kinapotea mkononi. Sikumbuki kama tuliona ni shida sana. Nakumbuka baridi. Asubuhi ukungu ulishuka kutoka msituni ukafunika kila kitu, nasi tuliamka tukikohoa moshi, bibi anachochea kuni huku anasali kwa Kiiraqw, sala ndefu iliyotaja mvua, ng'ombe, majirani wote, na mwisho kabisa mimi. Kiporo cha kande kilipashwa moto kwenye sufuria iliyopinda mdomo, tukala na maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa mti wenye harufu nzuri. Hadi leo nikipita mahali wanapochoma kuni mbichi, njaa huniuma hata kama nimetoka kula.

Shuleni mwalimu wetu wa darasa la saba alikuwa na msemo wake aliourudia kila Jumatatu mstarini. Mtoto, alisema, ana vitu vitatu vya kulelewa: kichwa, mikono na moyo, na ukilea kimoja ukaacha viwili umelea kilema. Kwa hiyo asubuhi tulifundishwa hesabu, mchana tukashika majembe kwenye shamba la shule. Moyo sikumbuki ulifundishwa saa ngapi. Nadhani alitegemea utafundishwa nyumbani, na kwa kweli ndiko ulikofundishwa.

Sasa nikueleze habari ya kulima, maana bila hiyo hutaelewa. Udongo wa kwetu ni mzito. Plau moja ilihitaji maksai wanne, jozi mbili, na hakuna nyumba mteremkoni kwetu iliyokuwa na maksai wanne. Hivyo nyumba ziliunga ng'ombe. Sisi tuliunga nyumba tatu. Mzee wa ng'ambo ya korongo, ambaye wote tulimwita babu, alikuwa na plau na maksai wawili. Chini yake kidogo aliishi mama mmoja kijana aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni. Mumewe alifanya kazi kwenye mashamba ya kahawa kule Oldeani, akamwachia maksai mmoja. Na bibi alikuwa na Doa. Doa alikuwa mweusi mwenye baka jeupe begani, mpole, mvivu kidogo, mpenda chumvi. Mvua za kwanza zikishalainisha ardhi, plau ilianza kwa babu, ikaenda kwa mama mtoto, ikamalizia kwetu, siku mbili kila nyumba. Kila nyumba ilitoa ng'ombe wake na mtu wake. Mtu wa nyumba yetu, kwa kuwa magoti ya bibi yalikuwa yamechoka, nilikuwa mimi. Niliongoza ng'ombe wa mbele, na jioni nilikaa kula na watu wazima, si na watoto. Nilijiona mkubwa kweli.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo hakuna aliyelifundisha kwa maneno. Mtoto aliyetumwa kutoka nyumba moja kwenda nyingine alikuwa amebeba kinywa cha nyumba yake. Nikifika kwa babu nikasema, "Bibi anasema keshokutwa hatatoka," basi ni bibi amesema. Hakuna aliyeuliza mara mbili. Hakukuwa na simu wala barua kwa watu wanaoishi umbali wa korongo moja. Kulikuwa na sisi watoto, na maneno yetu yaliaminiwa kama yalivyo. Wakati ule sikuwa najua kwamba hiyo ni mali.

Basi rafiki yangu wa shule, binti ambaye mjomba wake alikuwa na lori, akaniambia mnada wa Karatu wa safari ile utakuwa na mpiga picha. Si wa kupiga paspoti, alisema, wa kupiga mtu mzima mzima, na viatu anakupa yeye. Sikuwahi kupigwa picha maishani. Nilijua uso wangu kwa vipande, kwenye kioo cha bibi kilichovunjika, jicho leo, mdomo kesho. Tatizo ni kwamba siku ya mnada ilikuwa siku ya kwanza ya kulima kwa yule mama mtoto, na mimi na Doa tulitakiwa kuwa pale alfajiri.

Ningeweza kumwomba bibi. Angekataa, lakini ningeweza kumwomba. Badala yake, jioni ya kuamkia siku ile, nilimkuta babu anaponyweshea ng'ombe, nikamwamkia, nikainamisha kichwa, nikasema, "Babu, Doa ana mguu."

Kwetu hiyo inatosha. Ng'ombe mwenye mguu hafungwi nira.

Babu akasimama. "Mguu gani?"

"Wa nyuma. Wa kushoto."

"Umevimba?"

"Amechomwa na mwiba tulipokuwa tunarudi, babu. Hakanyagi vizuri."

Akatikisa kichwa kwa huruma, na ilikuwa huruma ya kweli, kana kwamba mwiba umemchoma yeye. "Pole, mjukuu wangu. Mpe pole bibi yako. Basi kesho tutajaribu na hao waliopo." Nikaitikia, nikaondoka, na nakuambia ukweli, nilitembea kwa furaha.

Alfajiri nilimtoa Doa zizini mbele ya macho ya bibi, naye akatubariki kama kawaida, akijua tunakwenda kulima. Ukungu ulikuwa mzito, hungeona hatua kumi. Nikamshusha Doa korongoni, nikamfunga kwenye mti penye majani mengi, nikampa kipande cha magadi alambe, nikakimbilia barabarani kulikokuwa na lori. Nilikuwa nimefikiria kila kitu. Jioni ningerudi, nimfungue, tupande nyumbani pamoja kama watu waliotoka kazini. Ule ndio werevu wa miaka kumi na minne, na mpaka leo nikiukumbuka nashangaa kwamba tunavuka umri ule tukiwa hai.

Adhabu ilianza ndani ya lori. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya ngano, nimejifunika kanga, na mama mmoja wa mteremkoni kwetu akanigeukia. "Poleni na maksai," akasema. "Nimesikia jana kwa mke wa mzee. Mguu gani tena?"

"Wa kulia," nikasema, na palepale nikakumbuka kwamba jana ulikuwa wa kushoto.

"Maskini. Na msimu wenyewe ndio huu." Akanipa muhogo wa kuchemsha nile. Kila tulipopita kwenye shimo, akaguna kwa niaba ya Doa. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema wahenga. Yangu haikufika hata Karatu.

Mnada ulikuwa mzuri hata hivyo, siwezi kukudanganya. Kulikuwa na harufu ya nyama ya mbuzi inayochomwa, Wamasai wenye mifugo kutoka mbali, wafanyabiashara wenye kofia waliotandaza vitenge juu ya majamvi, na kelele zilizokufanya ujisikie uko katikati ya dunia. Mpiga picha alikuwa na jozi moja tu ya viatu, vile vyeupe, na kila aliyefika zamu yake alivivaa, awe mtoto au mzee. Nililipa kwa mayai ya kuku wangu. Akaniambia nisipepese macho wala nisicheke. Picha, alisema, zitakuja mnada ujao.

Tulirudi saa kumi za jioni. Lori lilituacha penye njia panda ya shule, nikaanza kupanda mteremko nikiimba. Ukungu ulikuwa umeondoka. Kwa mbali nikasikia jina langu linaitwa. Kwanza nilidhani ni bibi. Halafu likaitwa kutoka upande mwingine, na sauti ya kiume, na tena kutoka chini korongoni, sauti nyingi, jina langu, jina langu.

Ilikuwa hivi. Mchana, ng'ombe walipopumzishwa, babu aliacha plau shambani akavuka korongo na dawa yake ya miguu, majani yaliyopondwa na kufungwa kwenye kitambaa, aje amtibu Doa. Hakutumwa na mtu. Alikuwa ameona huruma tu. Akamkuta bibi anapepeta maharage. Bibi akamwuliza mbona ameacha kazi, na Doa amemwacha na nani. Wakatazamana. Kisha wakamtafuta Doa, wakamkuta korongoni amefungwa, mzima wa miguu yote minne, na mimi sipo.

Sasa fikiria mwenyewe. Miaka ile nyati walitoka msituni kunywa maji korongoni mle. Chui alikuwa amechukua mbuzi wa jirani wiki iliyopita. Ng'ombe amepatikana, mtoto hakupatikana. Wanaume wakaacha kulima, wanawake wakaacha kupanda, mama mtoto akafunga mwanawe mgongoni akaingia msituni na fimbo. Shamba lake lilikuwa na mifereji michache tu iliyolimwa na ng'ombe wawili waliochoka, kwa kuwa wa tatu hakuwa na mwenzake wa nira. Na bibi, ambaye magoti yake hayakumruhusu kushuka korongoni, alikuwa amekaa kando ya njia, ameshika sweta yangu ya shule.

Nilimwona kabla hajaniona. Nilitamani ardhi ipasuke.

Babu alipanda kutoka korongoni, akaniona, akavua kofia yake akaketi palepale kwenye nyasi. "Yupo," akasema. "Waambieni waliokwenda msituni warudi. Yupo." Kisha akanigeukia. "Umekula?"

"Nimekula, babu."

"Doa hana mguu."

"Hana, babu."

"Haya," akasema, akavaa kofia yake.

Hakuna aliyenipiga. Ningeshukuru wangenipiga. Babu alimwambia bibi kwamba zamu zibaki kama zilivyo, kwamba siku ya mama mtoto iliyopotea itafutwe baadaye. Bibi akakataa. "Siku hiyo imepotelea mikononi mwa nyumba yangu," alisema. "Itoke kwangu." Kwa hiyo mama mtoto akalimiwa siku zake mbili kamili, na sisi tukabaki na siku moja. Plau ililima nusu ya shamba letu. Usiku wa siku ile mvua ikaanza, ikanyesha bila kukata, udongo ukawa matope ya kuzamisha ng'ombe. Ilipokata, maksai wa babu walikuwa wamekwisha ahidiwa kwa wakwe zake kijiji kingine.

Nusu iliyobaki tuliilima kwa jembe la mkono. Nasema tuliilima, kwa sababu bibi alikataa kubaki nyumbani. Niliamka gizani nikalima kabla ya shule, nikarudi nikalima baada ya shule, na kila nilipoinua kichwa nilimwona upande wa pili, ameegemea mpini, anasugua goti, anaendelea. Nililia nikilima, nikajifanya ni jasho. Mahindi ya nusu ile yalichelewa, yakakutwa na baridi yakiwa machanga, yakatoa vigunzi vyenye meno machache kama mzee. Mwaka ule tulikula viazi sana.

Lakini hayo yote niliyavumilia. Lililonitesa lilikuwa lingine. Siku moja bibi alinituma kwa mke wa babu kuomba chumvi. Akanipa, vizuri tu, kwa tabasamu. Jioni akapita nyumbani kwetu, akiwa na safari yake ya kujitungia, akamwuliza bibi kwa upole, "Ile chumvi ilitosha?" Nikaelewa alikuja kuhakikisha. Shuleni mwalimu, ambaye habari zilikuwa zimemfikia kama zilivyowafikia wote, aliniacha niendelee kuwa kiranja wa majembe. Nikayahesabu jioni, nikamwambia yapo arobaini. Akasema asante. Kisha, nilipokuwa nachukua daftari zangu, nikamwona anayahesabu tena. Watoto wenzangu walinipigia kelele ule msemo wa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nao hawakujua kwamba mimi sikuvunjika guu, nilimvunja Doa, tena kwa mdomo. Kwa mteremko mzima nilikuwa bado mtoto wa watu, nilisalimiwa, nilipewa uji. Maneno yangu tu ndiyo hayakupokelewa mpaka yapate mdhamini.

Picha ilikuja mnada uliofuata. Rafiki yangu aliniletea imefungwa kwenye gazeti. Sikutaka kuitazama. Bibi akaichukua, akaisogeza mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu sana. "Umetoka vizuri," akasema. Akaiweka kwenye sanduku lake la bati, na sikuiona tena mpaka juzi.

Sikumbuki lini nilianza kubadilika, na ninawaogopa watu wanaokumbuka. Nakumbuka tu kwamba Jumamosi nilianza kwenda kupalilia kwa mama mtoto bila kutumwa, mwanzoni kwa aibu, baadaye kwa sababu nilimpenda yule mtoto. Nakumbuka nikivunja chungu cha bibi na kumwambia kabla hajauliza. Nilijifunza kusema mambo madogo kama yalivyo: nimechelewa kwa sababu nilikuwa nacheza, sijafagia, mboga nimeionja mimi. Mambo ya ovyo kabisa, lakini yalikuwa magumu kuliko jembe.

Mwaka ukaisha, mvua za kwanza zikanyesha tena. Nyumba zetu tatu zikaunga ng'ombe kama kawaida, maana hakuna aliyewahi kufikiria kututoa. Siku ya kwanza ya kulima kwa babu niliingia zizini alfajiri, nikamkuta Doa amesimama kwa miguu mitatu. Nikadhani naota. Nikainua mguu wake wa mbele: jiwe lenye ncha limeingia katikati ya kwato, na damu.

Bibi alikuwa ameamkia kanisani. Hapakuwa na mwingine wa kwenda. Nilisimama zizini nikimshika Doa masikio, na sijawahi kuogopa vile, si kwa nyati wala kwa chui. Nilifikiria kumburuta hivyohivyo akiwa anachechemea, ili waone kwa macho yao. Ningemwumiza, lakini wangeona. Nusura nifanye hivyo. Kisha nikamwacha, nikavuka korongo peke yangu.

Babu alikuwa anafunga nira. Mkewe alikuwa karibu, ameshika ungo wa mbegu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba.

"Babu," nikasema. "Doa ana mguu."

Mkewe akaacha kupepeta. Niliona macho yake yakienda kwa mumewe. Babu hakugeuka mara moja. Alimalizia fundo alilokuwa anafunga.

"Mguu gani?"

"Wa mbele, wa kulia. Jiwe limeingia kwenye kwato."

Akaingia ndani. Nilijua anakwenda kuchukua fimbo yake avuke kuja kuona, na nikasema moyoni, ana haki. Akatoka na kile kitambaa chenye dawa, akakiweka mkononi mwangu.

"Toa jiwe kwanza, uoshe kwa maji ya chumvi, ndipo ufunge," akasema. "Nenda kamtibu. Sisi tunaanza kulima na hawa."

Akashika plau, akawaita ng'ombe, akanipa mgongo. Hakuja kuangalia. Hakumtuma mtu. Nilivuka korongo nikikimbia huku machozi yananiziba macho, nikaanguka mara mbili, na kitambaa kile sikukiachia.

Leo mteremko ule unalimwa na trekta. Binamu yangu anapiga simu, dereva anakuja, kabla ya chai kupoa shamba limegeuzwa, naye hahitaji ng'ombe wa mtu wala neno la mtoto wa mtu. Ni jambo jema. Nimeshika jembe la mkono na siwezi kumtakia mtu jembe la mkono. Wajukuu zangu nao ni waongo wadogo wa kawaida, kama nilivyokuwa mimi, na nikiwakamata wanacheka, maana uongo wao haujawahi kumsimamisha mtu kulima. Hilo silihuzunikii sana. Ninachowahuzunikia ni kwamba hata wakisema kweli, hakuna mzee aliyesimama alfajiri na plau yake, anayeingoja.